Watu Waliokaa Kumsikiliza Mama Mkubwa

Pale mwaloni, boti zinaposhusha dagaa, hakuna aliyemwita mama mkubwa mwimbaji. Walimwita mpiga kelele, kwa utani, na bado hawakuweza kugeuza dagaa bila yeye. Huyu ni dada yake marehemu mama yangu. Ameanika dagaa kwenye mchanga wa ziwa tangu sijazaliwa, na nyimbo zote anatunga mwenyewe, akiwa ameinama, Kiswahili na Kijita humohumo. Nyingi ni za kumsema Mungu. Mvua ikiwakuta dagaa mchangani wanaoza, na mvua, anavyoamini mama mkubwa, ina mwenyewe.

Mungu, dagaa umenipa wewe,
jua nalo umenipa wewe,
mvua ya leo mpelekee mwingine.

Wenzake, migongo juu, wanaitikia: "Mpelekee mwingine!"

Mwaka jana akaota uvimbe shingoni. Daktari akasema utatolewa, ila sauti hakuahidi. Tukapanda bajaji kurudi kwangu Kiseke, ninakoshona nguo, na njiani mama mkubwa akasema neno ambalo sikulitegemea.

"Mwanangu, maisha yangu yote nimeimbia migongo. Kabla hawajanikata, nataka niimbie watu waliokaa."

"Waliokaa wapi?"

"Kwenye viti, we! Wamekuja kwa ajili hiyo tu."

Moyo uliniuma, na mimi nikiumwa moyo huwa mkali. Nikasema liwalo na liwe, siku ileile nikamwendea mwalimu wa kwaya yetu kuomba kanisa Jumamosi mchana. Akaniuliza huyo mama anaimba nini. Nikamwimbia kidogo. Akavua miwani.

"Dada, huyu anagombana na Mungu."

"Anagombana naye kwa sababu wanafahamiana," nikamjibu. "Wewe dagaa wako walishawahi kunyeshewa?"

Akakubali, nadhani ili niondoke.

Jumamosi jua lilikuwa kali, na hapo ndipo nilipoona kosa letu. Wanawake wa mwaloni hawakuja hata mmoja. Nani aache dagaa juani? Waliokuja ni majirani zangu, waliokwisha kufua na kuanika asubuhi, wamependeza, wamekaa mikono mapajani. Mama mkubwa alisimama mbele na kitenge kipya na kipaza sauti ambacho hakujua akishike wapi. Akaanza. Akafika penye kiitikio, akanyamaza kuwapisha. Kimya. Watu wanamtazama kwa heshima, kama wanasikiliza matangazo. Akarudia. Kimya tena, mmoja akapiga makofi, maskini, akidhani wimbo umekwisha. Wimbo uliozoea mikono ya watu kazini ukawa unajikwaa. Niliona jasho kwenye ule uvimbe nikatamani kuwazaba vibao wote, nikianza na mwalimu wa kwaya aliyekuwa anaangalia saa.

Halafu ikaja. Mvua ya ziwa haipigi hodi. Ngurumo moja, upepo ukasukuma mlango, tone la kwanza likagonga bati.

"Nguo!" mtu akapiga kelele.

Makubwa! Kanisa zima likainuka na kutoka mbio, viti vinaanguka huku na huku. Mama mkubwa akabaki na Biblia zao, watoto wao wadogo, na wimbo wa kukataa mvua mdomoni.

"Hata waliokaa nao wameinuka," akaniambia. Hakuwa anatania. Macho yalikuwa yamejaa machozi, na mimi nikaanza kuinua viti vilivyoanguka.

Lakini Biblia na watoto walikuwa mle ndani, kwa hiyo kurudi ilikuwa lazima. Wakarudi wameloa, wengi wamekumbatia nguo zao, kwa kuwa kukimbilia kanisani kulikuwa kwepesi kuliko kuanza kutafuta funguo za nyumba. Mwalimu wa kwaya naye huyo, na mashati yake na magauni ya mkewe. Bati lilikuwa linapiga kelele kiasi kwamba kipaza sauti hakikufaa kitu. Mama mkubwa akakiweka chini, akawaashiria wasogeze viti. Wakakaa wamembana, magoti kwa magoti. Sasa wewe mpe mwanamke rundo la nguo mapajani uone kama atakaa nalo hivihivi. Wakaanza kukunja.

Mama mkubwa akawatazama mikono. Kisha akaanza ule wimbo ambao mwaloni huimbwa mawingu yakishaonekana.

Mungu, siku ukinijia mimi,
usije kama mvua,
nipe nafasi nianue.

"Nipe nafasi nianue," akajibu mama mmoja, bila kuinua macho kwenye shuka lake.

Mara ya pili walijibu wengi. Mara ya tatu wote, na mashuka yanakung'utwa kwa pamoja, na sauti yake ikapanda juu ya lile bati. Mwalimu wa kwaya alikuwa anaitikia besi na kukunja shati lilelile, analikunjua, analikunja tena. Nililia waziwazi, wala sioni aibu. Mvua ilikatika, jua likatoka, na hakuna aliyeinuka kwenda kuanika upya mpaka alipomaliza mwenyewe.

Upasuaji ulikwenda salama. Sauti haikurudi, aliyonayo sasa ni ya kunong'ona, ya kuulizia chumvi iko wapi.

Majuzi nilimpeleka mwaloni kusalimia. Wenzake walikuwa wameinama wanageuza dagaa, wanaimba wimbo wake, na aliyekuwa anauanzisha alikuwa anaukosea kidogo. Nikajua ataingia tu mchangani kuwarekebisha. Badala yake akachukua ndoo tupu, akaipindua, akakaa, mikono mapajani.

"Mama, njoo utusaidie!" mmoja wao akamwita, bado kainama.

Mama mkubwa akanivuta sikio lifike mdomoni kwake.

"Mwambie nimekaa."