Saumu ya Khairat

Mwaka sabini na nne, Khairat wa Bagamoyo alikuwa mwanagenzi wa maabara ya kemia chuo kikuu, mwanamke pekee kati yao. Mtihani wa cheti ukaangukia Ramadhani.

"Fyonza dawa kwa bomba, kwa mdomo, kama wenzio," akaamuru Bwana Kapinga, mkuu wa maabara.

"Nimefunga, bwana; tone likinipita kooni, saumu imevunjika. Naomba ule mpira wa kuvutia dawa, umo kabatini mwako."

"Ule wa walimu. Hapa si msikitini, we Mwarabu!"

Mwishehe wa Miono, mwanagenzi mwenzake aliyefunga pia, akainamisha kichwa akafyonza. Wengine wakacheka.

Khairat akaweka bomba la kioo mezani. "Basi niandikie sifuri, na uandike kwamba mpira upo, nawe umeninyima."

Kapinga akaandika sifuri tu. Khairat akavua koti jeupe, akalitupa juu ya ile karatasi ya sifuri.