Shamba la Genoveva, Leseni ya Anastazi

Genoveva wa Nyabusozi, wilayani Biharamulo, alikuwa mjane wa miaka hamsini na sita, na aliamini kwamba kila kilichomo shambani mwake ni chake. Mumewe alimwachia shamba hilo, na hati ya kimila ilikuwa na jina la Genoveva mwenyewe. Kwa hiyo wachimbaji walipookota mawe yenye dhahabu kwenye mwinuko ulio nyuma ya mihogo yake, hakuona haja ya kukimbia. Alimaliza kupalilia kwanza, ndipo akaenda ofisi ya madini kuomba leseni ya uchimbaji mdogo.

Akaambiwa eneo hilo limeshaombwa. Siku nne kabla yake, mfanyabiashara mmoja wa Ngara mjini aitwaye Anastazi alikuwa amewasilisha maombi. Genoveva hakuwahi hata kumwona. Ofisa alimwonyesha ramani kwenye kompyuta: kisanduku chekundu chenye namba kwenye kila pembe. Genoveva alitafuta nyumba yake, akatafuta na kijito, hakuviona. Aliuliza mtu anawezaje kuomba shamba la mwenzake. Ofisa akamweleza kwamba Anastazi hakuomba shamba, aliomba madini, na madini ni mali ya taifa. Anayetangulia kuomba ndiye anayetangulia kufikiriwa.

Aliandika pingamizi. Baada ya miezi mitatu alipata barua kwamba limekataliwa kwa kuwa hakufika siku ya kusikilizwa. Genoveva aliisoma mara mbili, kisha akampelekea katekista aisome naye. Siku gani hiyo? Hakuna aliyemwita.

Barua hiyo ndiyo iliyompeleka kwa Protasi, wakili kijana aliyesaidia watu wasio na uwezo. Protasi alimwamkia shikamoo, akaisoma, akasema wataenda Mahakama Kuu, Bukoba.

Safari nzima Genoveva alikuwa akipanga maneno ya kumwambia jaji: mwaka yeye na mumewe walipoufyeka msitu kupata shamba hilo, watoto waliozaliwa pale, kaburi la mumewe. Kwao husemwa Kisubi, na alihofia Kiswahili chake kingemkwama mbele za watu. Lakini siku ya kesi mawakili ndio waliozungumza, tena kuhusu tarehe, wito na sahihi tu. Dhahabu haikutajwa kabisa. Alianza kudhani wameingia kwenye kesi ya mtu mwingine, akamvuta Protasi koti.

Jaji, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliliona hilo, akamruhusu aseme. Genoveva akaanza na msitu. Jaji alimsikiliza kidogo, kisha akamkatiza kwa upole.

"Mama, sipo hapa kupima nani anastahili leseni. Wapo waliopewa kazi hiyo. Mimi natazama kama waliifanya kwa kufuata sheria. Wito ulikufikia?"

"Haukunifikia, mheshimiwa."

Upande wa pili, ofisi ya madini na Anastazi, wakaulizwa ushahidi kwamba wito ulipokelewa. Hawakuwa nao.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki tano. Jaji alifuta uamuzi wa kukataa pingamizi, akaamuru Genoveva asikilizwe upya. Protasi alimpa mkono akitabasamu. Genoveva akauliza leseni yake ataichukua dirisha gani.

"Hujapewa leseni, mama. Umepewa haki ya kusikilizwa."

"Kwa hiyo tumeshinda au tumeshindwa?"

"Tumeshinda."

Nje, Anastazi naye alimsalimia kwa heshima, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshindwa. Jambo hilo lilimsumbua Genoveva mpaka akafika nyumbani.

Safari hii wito ulimfikia mkononi. Alisikilizwa asubuhi nzima katika ofisi ya madini, akaeleza habari za msitu, watoto na kaburi, na hakuna aliyemkatiza. Kisha uamuzi ukatoka: Anastazi ndiye aliyetangulia, leseni ni yake. Ila barua ilikuwa na aya ya pili. Asingeweza kuchimba kwenye shamba linalolimwa bila kibali cha maandishi cha Genoveva.

Alimwomba katekista amsomee tena. Mawe si yake, lakini mwenye mawe hawezi kuyafikia bila yeye. Alimpigia Protasi simu, na Protasi akathibitisha kwamba ndivyo sheria ilivyo.

Wiki iliyofuata Anastazi alifika Nyabusozi peke yake, akasimama uani akiwa ameshika kofia. Genoveva alimpa kiti. Alimwambia kaburi lisiguswe, kijito kisichafuliwe, na ya kwamba hatatia sahihi yoyote kabla Protasi hajaisoma karatasi ya kibali. Anastazi akakubali kusubiri.

Jumapili, baada ya misa, jirani yake Priscila alimuuliza kesi iliishaje.

"Nilishinda," Genoveva akasema, "halafu wakampa yeye. Sasa ananiomba mimi."

Priscila alimwomba aeleze tena, taratibu. Genoveva alijaribu, lakini alipofika kwa jaji akapotea mwenyewe, ikabidi aanze upya.