Leseni ya Trauti

Jumapili iliyopita mjukuu wangu wa kike alinitoa nyumbani Kingsbury, hapa London, akanipandisha treni ya Metropolitan mpaka mwisho wa reli, eti nikanyooshe miguu. Miguu yangu haina haja ya kunyooshwa. Imesimama nyuma ya kaunta miaka arobaini na haijalalamika. Lakini nilikwenda, kwa sababu siku hizi ukikataa mara mbili, watoto wanaanza kunong'onezana habari za daktari. Tulishuka, tukapita nyumba kadhaa na uwanja wa mpira, tukafika kwenye daraja dogo la mbao. Chini yake kulikuwa na kijito. Maji maangavu, mawe yote unayaona, majani ya manjano yanaelea moja moja kama watu wasio na haraka.

Nilikuwa nimewahi kusimama hapo. Mara moja tu, nikiwa msichana wa miaka kumi na tatu. Nikashika ubao wa daraja nikangoja moyo ushtuke. Haukushtuka. Mjukuu alikuwa anasoma kibao kilichopigiliwa kwenye mti, anakisoma kwa sauti kama afanyavyo siku zote. Kibao hicho nitakirudia. Kwanza nikwambie tulivyofika pale.

Sisi ni Makalasinga wa Nyeri. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo, kwa hiyo nilikuwa na baba, na nyanya aliyemzaa baba, basi. Baba alikuwa fundi wa magari. Juu kule milimani kulikuwa na hoteli ya Wazungu kando ya mto, na lori la hoteli lilikuwa bovu kila wiki, na kila wiki baba aliitwa. Ndipo alipoambukizwa ule ugonjwa wa kuvua trauti. Kama humjui, trauti ni samaki wa maji baridi, mgongo una madoa, na ana maringo. Hali mnyoo ukimpa. Anataka nzi anayetua juu ya maji, na nzi huyo si wa kweli, ni wa manyoya, amefungwa kwenye ndoana kwa uzi.

Nzi wetu aliwafunga nyanya. Aliketi jikoni karibu na jiko la mkaa, chai ya tangawizi inachemka, ndoana imebanwa kwenye koleo la baba, na vidole vyake vinazunguka na uzi mwekundu wa kushonea. Manyoya yalitoka shingoni mwa jogoo wetu, na jogoo alijua. Akimwona nyanya ametoka na kiti chake, yeye alishakuwa juu ya paa la choo. Nzi waliokamilika walikaa kwenye kiberiti, juu ya pamba, sita sita. "Samaki hana elimu," nyanya alikuwa akisema, "lakini kazi mbaya anaiona." Mimi shule sikumaliza. Hilo ndilo somo nililojengea maduka mawili ya mapazia, na hakuna mteja aliyewahi kunirudishia pazia kwa sababu ya mshono.

Aliyemfundisha baba kuvua alikuwa mzee mmoja wa kule, Mkikuyu, kazi yake kuwaonyesha Wazungu mto. Mzee hakujua Kipunjabi na sisi hatukujua Kikuyu, kwa hiyo mto tulijifunza kwa Kiswahili. Nyumbani Kipunjabi, mtoni Kiswahili. Ikawa hivyo hata tukiwa wawili tu, mimi na baba. Mzee alikuwa na mdomo. Baba akirusha uzi kwa nguvu za spana, mzee anaangua kicheko: "Fundi! Mto si lori! Toa mkono kwenye gia!" Baba naye anamjibu, "Mzee, wewe hata baiskeli imekushinda, utaniambia gia?" Kisha mzee anamshika mkono, taratibu. Uzi nyuma. Ngoja. Uache upumue. Sasa mbele. Na nzi wa nyanya anatua bila kuvunja maji.

Baba alikuwa na leseni. Hilo lazima ulielewe. Fundi wa Kihindi kuwa na leseni ya kuvua trauti, wakati ule wa ukoloni, hakikuwa kitu kidogo. Meneja wa hoteli alimwombea kama shukrani kwa lori. Karatasi nene, rangi ya maziwa ya ng'ombe, juu ina taji la Malkia. Baba aliiweka kwenye mkebe wa tumbaku pamoja na pasipoti zetu, ambazo nazo zilikuwa na taji. Kwake yeye taji ni taji.

Halafu baada ya uhuru mambo yakabadilika, watu wa aina yetu, Wahindi wenye pasipoti za taji, wakaanza kukimbizana na ndege kabla mlango wa Uingereza haujafungwa. Tukaja. Nyanya alificha ufito wa kuvulia, ule wa mianzi wa vipande vitatu, ndani ya shuka, na kiberiti cha nzi ndani ya blauzi. Sikumbuki kulia. Nakumbuka moshi wa hita ya mafuta ya taa katika chumba cha juu tulichopewa na baba mdogo, ndugu yake baba, hapo hapo Kingsbury. Nakumbuka dirisha linatoa jasho asubuhi, na mimi nalifuta kwa gazeti.

Baba alikwenda ofisi ya kazi na vyeti vyake vya ufundi. Wakavitazama, wakamwambia vyeti vya kule havitumiki hapa. Alirudi, akaketi kwenye kiti kando ya dirisha na koti lake mwilini. Aliketi miezi minane. Hakugomba, hakuugua, alikaa tu. Ukimpa chai anakunywa. Ukimwambia sogea nifagie, anasogea. Baba mdogo, aliyekuwa anafanya kazi kiwanda cha mikate, alianza kumchokoza ili aone kama kuna mtu ndani. "Kaka, hicho kiti kimeanza kuomba likizo." Nyanya hakula vizuri wakati ule. Alikuwa akimwangalia mwanawe kama mtu anayengoja sufuria ichemke huku anajua mkaa umezimika.

Baba mdogo ndiye aliyesikia kazini kwamba mwisho wa reli kuna kijito chenye trauti. Alilisema wakati wa kula, kama mzaha. Nyanya akaweka chapati chini. Kesho yake alikuwa ameketi na koleo, anafunga nzi wapya, na manyoya ameyavuta kwenye kofia ya mke wa baba mdogo. Kulikuwa na kelele juu ya kofia hiyo kwa wiki nzima. Jumapili akanivalisha soksi mbili mbili, akanipa kiberiti, akaniambia, "Mpeleke baba yako. Kiingereza chako kinatosha. Usirudi naye kama alivyo."

Mtoto wa miaka kumi na tatu unamwambia hivyo.

Ndani ya treni baba alikaa kama alivyokaa kando ya dirisha. Ufito ulikuwa magotini, ndani ya shuka lile lile. Watu walimwangalia kilemba, wakaangalia shuka, wakarudia magazeti yao. Baridi ilikuwa ile ya msimu wa majani kuanguka, ambao sisi kwetu hatukuwa nao. Kule mlimani maji na hewa vilikuwa vilevile, mwezi hata mwezi. Hatukujua kwamba mto nao unaweza kuwa na majira.

Alipoona maji, baba alisimama. Akainama, akachukua jiwe, akaligeuza kutazama wadudu waliokaa chini yake, kama mzee alivyomfundisha. Akasema, kwa Kiswahili, "Mama, nipe yule mdogo wa kahawia." Alikuwa hajaniita mama tangu uwanja wa ndege. Nikafungua kiberiti. Akaunga ufito, vipande vitatu, akapitisha uzi, akaanza.

Alizungumza saa nzima ile. Alisema maji haya hayana kina, yanataka mtu mpole. Alisema mzee angekuwepo angecheka jinsi ng'ombe wa huku walivyonenepa. Uzi nyuma, ngoja, uache upumue, mbele. Majani yalimsumbua, nzi alikuwa akinasa jani badala ya samaki, na baba akaliita kila jani kwa jina la ndugu yake. Nikacheka, naye akacheka. Kisha uzi ukakazika. Hakuvuta kwa nguvu. Alimtembeza samaki mpaka akachoka, akalowesha mikono kwanza kabla ya kumshika, kama ilivyo adabu, halafu akampiga kichwani mara moja kwa mpini wa kisu. Trauti wa madoa mekundu, tumbo limejaa. Baba alimwinua juu. "Nyanya yako atakula leo," akasema.

Ndipo akaja mlinzi wa mto. Mwanaume mnene, buti za mpira mpaka mapajani, na mbwa aliyelowa. Baba alifurahi kumwona, unaweza kuamini? Alidhani ni mzee mwingine. Akatoa mkebe wa tumbaku, akafungua leseni, akaipiga pasi kwa kiganja. "Mwambie, mama. Mwambie leseni ninayo. Malkia wangu ndiye wake."

Yule mtu alipangusa mikono kwenye suruali kabla ya kuipokea. Akaisoma yote, mbele na nyuma. Kisha akasema na mimi, maneno mengi, polepole, ananiangalia usoni ili nielewe. Na mimi vidole vyangu vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi, na nilikuwa na haya, haya ya shuka, ya kilemba, ya karatasi ile. Nilitaka kwenda nyumbani. Yale maneno mengi nikampa baba machache.

"Anasema leseni yako haitumiki hapa."

Baba akaitazama karatasi mkononi mwa mtu yule. "Mwambie ina taji."

"Ameliona, baba. Anasema haitumiki."

Hakubishana. Alichukua leseni, akaikunja, akairudisha mkebeni. Akamweka samaki juu ya majani, mbele ya buti za mlinzi, akiwa amemlaza vizuri upande mmoja. Mlinzi akamwokota, akanyoosha mkono kumrudishia, akasema kitu tena. Baba alikuwa ameshageuka, anafungua ufito vipande vitatu.

Ndani ya treni aliongea Kipunjabi. Kiswahili cha mtoni sikukisikia kwake tena, si siku ile, si baadaye. Jumatatu aliamka kabla ya wote, akamwambia ndugu yake, "Twende huko kwenye mikate yako." Alioka mikate ya watu miaka ishirini na sita. Nyanya alianza kula. Alishukuru Mungu, akaniambia nimefanya kazi nzuri, mwanawe ameamka. Na kweli aliamka. Hakuna asubuhi aliyochelewa. Ukimpa chai anakunywa, ukimwambia sogea anasogea, tofauti ni kwamba sasa alikuwa na sare ya kazi.

Mimi nilikua, nikaacha shule, nikashona, nikafungua duka, nikafungua la pili. Watu wa Kingsbury Road na hata Harrow wanajua kwamba mimi husema jambo kama lilivyo. Nimejisifu kwa hilo maisha yangu yote. Baba alipokufa nilikuta mkebe, na ndani yake leseni na kiberiti, nzi sita juu ya pamba, mmoja amekwishaliwa na nondo. Nilipanga vitu vyake kwenye masanduku bila chozi, jirani akanisifu kwa uimara wangu. Haukuwa uimara. Ni kama vile vidole vya miguu, havikuwahi kupata joto tena.

Sasa kile kibao. Mjukuu alikuwa anakisoma darajani, na nilikuwa nimeyajua maneno yake kabla hajafika mwisho, kwa sababu ni yale yale niliyoambiwa na mtu wa buti. Mlinzi hakuanza na leseni. Alianza kwa kusema ni karatasi nzuri, hajawahi kuona nyingine kama hiyo, baba aitunze. Kisha akasema lile lililo kwenye kibao: mto umefungwa. Trauti wanataga mayai majani yanapoanguka, kwa hiyo kila mwaka unafungwa mpaka majira ya maua, na hakuna anayeruhusiwa kuvua, hata mwenye shamba, hata yeye mwenyewe. Akasema leseni ya kule haitumiki huku, lakini mto ukifunguliwa baba aje amwulizie, atamwonyesha sehemu nzuri zaidi. Na mwisho, alipomwinua samaki, alisema, "Mchukueni, ameshakufa, msimwache bure."

Yote hayo nilielewa. Kiingereza changu kilitosha.

Mzee wa Nyeri ametoweka, na nyanya, na jogoo, na hoteli nasikia imeshaoza. Hayo ni ya wote, kila mtu wa rika langu ana orodha yake. Langu mimi ni hili moja. Baba alikufa akiamini mto ule ulifungwa kwake yeye tu. Ulikuwa umefungwa kwa kila mtu.

Mjukuu wangu Kiswahili anakielewa, nilimfundisha kwa makusudi, ingawa hujibu kwa Kiingereza. Aliponiona nimesimama muda mrefu aliniuliza kama nimeelewa kibao kinasema nini. Nikamwambia nimeelewa. Kisha, pale darajani, nikakitafsiri chote kwa Kiswahili, kwa sauti, tangu neno la kwanza, nikiwa nimeyaelekea maji. Mjukuu akashangaa, akasema yeye ameshakisoma. Nikamwambia, "Najua. Nyamaza nimalize."