Bolti namba 4283 na siku nne za furaha ya Mzee Rashidi

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Hili jambo nimelibeba tangu mwezi wa tatu na leo nimeamua kulitua hapa. Sijaongeza chumvi. Nimebadilisha majina tu, maana wahusika wote wako hai.

Mimi ni binti wa Kigoma, niko Durban mwaka wa saba sasa. Nilianzia saluni kule Albert Park, kusuka na kufumua. Miaka mitatu iliyopita mteja wangu mmoja akaniambia kuna mzee mtaa wa Glenwood anatafuta mtu mwenye vidole vya subira. Nikajua ni mambo ya cherehani. Nikaenda.

Nikakuta bunduki.

Msishtuke. Ni bunduki za kale za kijeshi, za enzi za babu wa babu zetu. Kuna watu wanazihifadhi kama wengine wanavyohifadhi saa za ukutani. Karakana ina vibali vyake, bunduki zinalala kwenye kabati la chuma, na ufunguo hautoki shingoni kwa Mzee Rashidi.

Kazi yangu ilikuwa mbao, ile sehemu ya mti ya kushikia bunduki. Kuziba nyufa, kusugua polepole, halafu kupaka mafuta ya kitani kwa kiganja, tabaka juu ya tabaka, siku hadi siku.

Wakuu, ukipaka yale mafuta saa mbili mfululizo unasahau hata jina lako. Juu ya bati tumbili wanakimbizana, upepo wa bandarini unapanda kilima unaingia dirishani, na ule mti mkononi unapata joto kama kitu kilicholala usingizi. Kuna siku nilikuwa nashtuka mchana umeisha na sijui nilikuwa wapi.

Mzee Rashidi ni mzaliwa wa Durban. Wazee wake waliletwa zamani sana kutoka pwani za huko kwetu, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza kwa sisi wahamiaji. Ananiita binti. Nasema wazi kabisa, nampenda yule mzee kama baba.

Sasa shida ya kazi hii ni spea. Viwanda vilishafungwa, waliozitengeneza walishakufa. Unaweza kutafuta skrubu moja mwaka mzima.

Mzee alikuwa na bunduki yake mwenyewe, ambayo haikuwa ya mteja. Kwenye mwili wake imegongwa namba 4283. Bolti, kile chuma unachovuta nyuma na kusukuma mbele, ilitakiwa iwe na namba hiyo hiyo, kwa sababu kiwandani vilisuguliwa pamoja mpaka vikakubaliana. Bolti yake ilikuwa imepotea kabla Mzee hajaipata hiyo bunduki. Aliyoiweka ilikuwa ya kuazima tu, ya namba nyingine.

Ameitafuta zaidi ya miaka ishirini. Kaandika barua mpaka Australia na Canada. Kapekua makopo ya vyuma kwenye minada yote. Alikuwa akifumba macho ananiambia iko mahali, binti, labda kwenye droo ya mtu, pamoja na vijiko, na mwenyewe hajui.

Mwezi ule wa tatu binti yake wa kumzaa alikuwa anakuja kumhamishia kwake, mbali huko bara. Mikono ya Mzee ilishaanza kutetemeka, na karakana ilikuwa inafungwa. Alitaka ahame na bunduki yake ikiwa kamili. Hilo tu.

Hapo ndipo akaja Aunty Saro, mwalimu mstaafu, Mhindi wa hapa hapa. Alileta bunduki ya marehemu baba yake, aliyekuwa na shamba la miwa kule kaskazini. Aina moja na ile ya Mzee. Mbao ilikuwa imepasuka shingoni.

Siku ya tatu nikawa nafuta uchafu kwenye bolti yake ili isichafue mbao. Namba ikatokea moja moja chini ya kitambaa. Nne. Mbili. Nane. Tatu.

Nilikaa chini.

Mwili wa bunduki ya Aunty Saro ulikuwa na namba nyingine kabisa. Maana yake zilichanganywa. Nikaanza kuwaona askari wawili wa zamani wamekaa pamoja wanasafisha, wanazungumza habari za kwao, kila mmoja akaokota bolti ya mwenzake bila kutazama. Nilikaa na wale askari sijui dakika ngapi.

Mzee alikuwa amesinzia kwenye kiti baada ya chakula cha mchana. Bunduki yake ilikuwa mezani, alikuwa ameitoa kuipaka mafuta.

Nikabadilisha. Haikufika dakika moja.

Nilijiambia Aunty Saro hapotezi kitu. Amepewa bolti kwa bolti, tena nzuri zaidi, maana ile yake ilikuwa inakwama katikati na hii inateleza. Namba hata hajui kama ipo.

Mzee alipoamka nikamwambia imetoka kwenye boksi la vyuma chakavu ambalo rafiki yake mmoja alilileta. Uongo mtupu, wakuu.

Hakupiga kelele. Alipapasa namba kwa kidole, akaisukuma bolti, ikaingia kimya kimya mpaka mwisho. Akakaa nayo hivyo hivyo magotini. Halafu akatawadha akaswali rakaa mbili za kushukuru, na mimi niko pembeni nimeshika kopo la mafuta.

Siku nne zile sitazisahau. Alipigia simu marafiki zake wakusanyaji, mmoja mmoja. Alikuwa anaimba taratibu akifanya kazi. Alinisimulia utoto wake, mambo ambayo miaka mitatu hakuwahi kuyagusa. Karakana nzima ilikuwa kama inaelea.

Nilimsimulia Mama Ester, Mkongomani ninayeishi naye, kwa majivuno kabisa. Alikuwa anajichana nywele, hakugeuka.

"Na ule mama mwenye ile kitu, ulimuuliza?"

Nikamwambia yeye mambo ya bunduki hayajui.

Siku ya tano Aunty Saro akaja kuchukua yake. Akaisifia mbao, akapitisha mkono. Kisha akaweka kidole gumba nyuma ya bolti akasukuma. Akasita. Akavuta, akasukuma tena.

Akasema kwa upole kwamba hii si ya baba yake.

Akatueleza. Kila Jumapili baba yake aliisafisha barazani, na bolti ilikuwa inakwama katikati. Pale inapokwama alikuwa anamwachia yeye, mtoto wa miaka sita, aweke kidole gumba amalizie kusukuma. Ilikuwa kazi yake.

"Mbona haikwami?" akauliza.

Mzee akanitazama mara moja tu. Akaenda kwenye kabati, akatoa bunduki yake, akachomoa ile bolti, akairudisha kwenye bunduki ya Aunty Saro. Akamwambia Aunty Saro samahani, zilichanganyika mezani. Habari ya namba hakuitaja kabisa.

Aunty Saro akasukuma. Ikakwama. Akaweka kidole gumba akamalizia, akafumba macho, na kidole hakukitoa.

Alipoondoka Mzee akaketi.

"Ungeniuliza, binti."

"Ungekataa, Mzee."

"Ndiyo maana hukuniuliza."

Kisha akachukua simu. Hapa lazima niwaeleze kitu. Mzee Rashidi alijulikana kwa macho yake. Wakusanyaji wakibishana kuhusu alama iliyofutika kwenye chuma, walimtumia picha yeye, na alichosema ndicho kilichokuwa.

Aliwapigia wote. Kila mmoja alimwambia maneno yale yale, kwamba alisoma namba vibaya, kwamba ile si yenyewe, macho yake yamekwisha. Nilimshika mkono nikamwomba aniachie mimi niseme ukweli. Akainua kiganja ninyamaze, akapiga namba inayofuata. Nilielewa, ukweli ungeniita mimi mwizi.

Alihama mwisho wa mwezi. Binti yake ananiambia picha haziji tena. Wale marafiki wanasema mzee macho yamemwishia, bora wamwache apumzike. Anashinda na simu mezani, na macho yake ni mazima kuliko ya kwangu.

Nilichojifunza ni kwamba nilitaka kumpa mtu ninayempenda kitu ambacho sikuwa na haki ya kukitoa, na gharama nikamlipisha yeye. Inaniuma mpaka leo.

Namba za wale marafiki ninazo. Mzee amenikataza kabisa kuwapigia. Wakuu, nimtii, au niwaambie ukweli? Nishaurini. Hata wenye kunisema vibaya karibuni, nitasoma yote.