Pete Nilizozipaka Vumbi

Gari lile tulilijenga sisi wawili, mimi na shemeji, mume wa dada yangu mkubwa, nyuma ya karakana yangu ya kuchomelea vyuma pale Mushaki. Mota ilitoka kwenye basi dogo lililokufa, magurudumu ya nyuma kwenye pikapu. Kardani, lile bomba refu linalopeleka nguvu ya mota nyuma, lilikuwa refu mno. Nililikata, nikalichomelea upya, nikalizungusha kwa mkono mpaka nikaona haliyumbi.

Shemeji alinikumbusha jambo moja tu. "Usisahau pete. Musalaba ya mbele ikikatika, kardani isitupige."

Pete ni mikanda ya chuma inayozunguka kardani bila kuligusa. Kiungo cha mbele, ule musalaba, kikikatika, bomba linabaki limeshikwa humo. Chuma chake nilikuwa nacho, lakini wiki ile mama mmoja alitaka madirisha yake haraka, nikakitumia. Nilijiambia nitatafuta kingine. Shemeji alipouliza, nilimjibu, "Nilishafunga."

Tukaondoka kwenda Mweso kuuza jibini na viazi. Dada alikaa mbele kando ya mumewe, katikati, kardani likizunguka chini ya miguu yake. Mimi nilikuwa nyuma, juu ya magunia. Kwenye mlima baada ya Kitshanga, shemeji alibadilisha gia, nikasikia kishindo kama nyundo kwenye bati, mara tatu, halafu dada akapiga kelele.

Musalaba ulikuwa umekatika, na kardani lilikuwa limepasua sakafu. Mguu wake wa kuume ulivunjika chini ya goti. Watu wa njiani walitusaidia kumbeba hadi hospitali.

"Niliachilia klachi vibaya," shemeji alirudia kusema mlangoni pale. "Njo mimi nilimuvunja." Nami nikamwambia, "Barabara iko mubaya," basi.

Gari lilipovutwa kurudi karakanani, kabla shemeji hajaja kulitazama, nilichomelea pete mbili. Nikazipaka oili chafu na vumbi zionekane za zamani.

Alikuja, akalala chini ya gari, akazishika. Alikaa kule muda mrefu.

"Pete iko," alisema alipotoka. "Iko, na bado kardani ilimupiga. Basi niliendesha kama mwenda wazimu."

Nilimtazama akienda zake, nikashindwa kumwita.

Dada aliporudi nyumbani na magongo, nilimkuta jikoni akichambua maharagwe. Nikamweleza yote, hata vumbi. Hakuinua macho.

"Unaniambia mimi sababu gani? Kila asubuhi yeye njo ananiomba musamaha. Enda umuambie yeye."

Nilimkuta shemeji shambani akivuna viazi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, bila kuzunguka. Alivuna mpaka mwisho wa tuta, kisha akaweka jembe chini.

"Mama yangu alinikataza kushika tena usukani," alisema. "Wewe ulikuwa umekaa palepale, unakunywa chai. Ulinyamaza."

Jioni ileile nilikwenda kwa mama yake, nikakiri mbele ya watu wa nyumba. Mama alinisikiliza, akanionyesha mlango.

Shemeji anaendesha tena siku hizi, ila gari alilipeleka kwa fundi mwingine. Dada anachechemea. Akipita mbele ya karakana huniita kwa sauti, "Habari, mudogo wangu?" Nami huitikia nikiwa nimeinamia kazi.