Ukoka wa Mama Sindano

Mama mkwe wangu alishona nguo za watu tangu usichana wake hadi siku kiharusi kilipompata, na mtaa mzima unamwita Mama Sindano. Wageni hudhani ni kwa ajili ya cherehani. Sisi tunaoishi naye tunajua ni ule ulimi.

Kiharusi kilimlegeza upande wa kushoto. Hospitalini wakamwambia atembee kila siku, pekupeku, mahali laini. Mahali penyewe tulikuwa napo: uwanja wa ukoka mbele ya nyumba, kuanzia barazani hadi getini. Shida ni kwamba ukoka ulikuwa unakufa, na aliyekuwa anauua ni mume wangu, tena kwa mapenzi yote.

Mume wangu ni dereva wa malori. Akiwa nyumbani, kila jioni alishika mpira wa maji, akauziba mdomo kwa kidole gumba na kunyunyiza huku na huku, simu sikioni. Nyasi ziking'aa tu, anafunga bomba. Mwisho wa wiki anashusha mashine ya kukatia nyasi hadi chini kabisa na kuunyoa uwanja kipara. Ukoka ukageuka wa njano, ukaota madoa ya ukungu, na penye upara pakawa na utelezi. Hapo ndipo Mama alipoteleza jioni moja, akagonga kiwiko kwenye ukingo wa baraza.

Mume wangu alifoka, lakini nilijua ni hofu. "Basi! Nang'oa yote. Naweka vitofali vya saruji, Mama utembee pakavu."

"Thubutu," Mama akasema, barafu kiwikoni.

"Mama, ni kwa ajili yako."

"Kaburi langu hulisakafii nikiwa hai."

Mume wangu akafunga safari wakiwa wamenuniana. Fundi wa vitofali angekuja siku atakayorudi, piga ua. Mimi, kusema kweli, nilikuwa upande wa vitofali, maana nilikuwa nimechoka kudeki matope.

Asubuhi yake, kabla jua halijatoka, mkongojo ukagonga mlango wangu.

"Amka. Njoo na bisibisi."

Nikaenda naye uwanjani nikipiga miayo. Akaniamuru niichome bisibisi ardhini. Ikaingia ncha tu, ikagoma.

"Umeona? Maji ya mumeo yanalowesha ngozi tu. Mizizi imebaki juu juu inangoja hicho kitone cha jioni. Jua likiwaka, kwisha habari yake."

Nilichoma uwanja mzima matundu kwa uma wa bustani hadi mikono ikatoka malengelenge. Kisha akanifanya nilaze mpira chini, maji yatoke polepole, niuhamishe pale tu bisibisi inapozama hadi kwenye mpini. Jua lilipopanda likakausha majani, unyevu ukabaki chini kwenye mizizi. Baada ya hapo akapiga marufuku maji.

Siku zikapita. Jirani akachungulia juu ya ukuta. "Mama Sindano, ukoka wako unakauka huo."

"Na wewe unakauka, mbona sijakumwagia maji?"

Jioni moja uzalendo ukanishinda. Nikanyemelea bomba.

"Weka chini!" Sauti ilitoka dirishani.

"Mama, ukoka unakufa jamani."

"Ukanyage."

Nikakanyaga. Majani yakalala, yakainuka tena.

"Nyayo zako zikibaki pale, hapo ukoka una kiu. Sasa hivi unadeka tu."

Nyayo zilipobaki tukamwagilia tena, alfajiri, maji ya kushiba. Mashine akanifanya niinue kisu chake, majani yabaki marefu yatie udongo kivuli. Na kila asubuhi alitembea, kwanza ameegemea bega langu, baadaye kwa mkongojo, vidole vya miguu vikizama. Siku moja nilimuuliza kwa nini anahangaika hivi na majani.

"Mkono umeshanikimbia, cherehani siwezi tena. Miguu ndiyo iliyobaki kunitii. Kwenye saruji nitaogopa kuanguka, na nikiogopa sitatembea. Mtaniketisha kwenye kiti mpaka nife."

Kuanzia hapo nikauhama kabisa upande wa vitofali, nikawa wa ukoka.

Mume wangu akarudi na fundi, na gari la vitofali nyuma yao. Alisimama getini, akatazama ukoka mzito wa kijani. Akatikisa kichwa. "Ukoka umependeza, Mama, sikatai. Lakini ukianguka tena je?"

Mama akanipa mkongojo. Akashuka barazani, mikono mitupu, akaanza kumfuata mwanawe pale getini. Mguu wa kushoto ukaburuta, ukafuata. Katikati ya uwanja goti likakunjika, akaenda chini mzima mzima.

Mume wangu akapiga yowe. Mimi nikatupa mkongojo, nikakimbia. Tulipomfikia alikuwa amelala chali, majani kwenye nywele, anacheka.

"Haya, nimeanguka. Nikague. Kuna kilichovunjika?"

"Mama..."

"Fundi, lete vitofali vyako hapa niangukie na hivyo, tulinganishe."

Fundi akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Mume wangu akainama amshike kwapani, machozi yakimtoka bila kificho.

"Niache. Nasimama mwenyewe."

Akageuka kifudifudi. Akashika ukoka kwa mkono wa kulia, ukoka ukamshikilia, haukung'oka. Goti moja, kisha la pili. Akatweta, akatukana kidogo, akasimama. Fundi alikuwa ameshaliashiria gari lirudi nyuma.

Mama akajipangusa gauni, akamtazama mwanawe juu hadi chini.

"Na huo mpira," akasema, "nikikuona umeushika jioni, nakushona vidole."