Mkia wa Ndege Ulioliwa na Mbuzi

Sisi tuliokulia Lodwar miaka ya sabini hatukuhitaji saa. Tulijua ni mchana pale mchanga ulipoanza kutuunguza nyayo, tukawa tunakimbia kutoka kivuli hadi kivuli. Tuliokota makoma, yale matunda ya mikoma, kando ya mto Turkwel, tukayaguguna mpaka nyuzi zikatujaa kwenye meno. Vijana wa siku hizi bando likiisha wanasema wamepata shida. Shida yetu sisi ilikuwa makopo ya maziwa ya kuundia magari, maana wenye kaka wakubwa waliyawahi yote.

Lakini tulikuwa na ndege. Ilikuwa ndege ya vita, iliyoundwa kurusha mabomu, na vita vilipokwisha ikapita mikono mingi mpaka ikaangukia kwa rubani mmoja mzungu tuliyemwita Bwana Ndege. Palipokaa mabomu sasa palikaa magunia ya unga na samaki wakavu. Ilipeleka abiria Kakuma na kuwarudisha. Mara mojamoja walikuja wageni kutoka Nairobi, wapenzi wa ndege za kale, waliotaka tu kulala kifudifudi kwenye pua yake ya kioo na kuitazama Turkana ikipita chini yao. Tuliwaona wehu, na tuliwaonea wivu.

Fundi wake alikuwa baba yangu. Alitutoa Kakamega sote, mimi nikiwa bado wa kubebwa mgongoni, mama akilalamika njia nzima mpaka Kalemng'orok, akanyamaza tu kwa sababu vumbi lilimjaa mdomoni. Baba aliipenda ile ndege kupita kiasi. Injini ikikohoa, yeye hali chakula. Mama alikuwa akisema, "Mke mwenzangu ana mabawa," nasi tunacheka.

Sehemu kubwa ya ndege ilikuwa bati, lakini usukani wa mkiani, ule unaosimama wima, ulivikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Jua la Lodwar lilikuwa limeanza kukipasua. Jioni moja baba alimlalamikia jirani yetu wa pale Nawoitorong, Mama Ekai, kwamba ngozi ya ndege inakauka na wageni wako njiani. Haikuwa safari ya mzaha. Bwana Ndege alikuwa amechoka, na alishasema wazi kuwa wageni hawa wasiporuka, ndege itaegeshwa moja kwa moja. Nasi tungefunga virago turudi Kakamega.

Mama Ekai alimhurumia. Kwao, Waturkana, ngozi ikikauka hupakwa mafuta. Basi alfajiri akaenda uwanjani na kibuyu cha mafuta ya kondoo, akaupaka ule mkia mpaka ukang'aa, kama alivyopaka sketi yake ya ngozi. Uwanja haukuwa na ua. Mbuzi walinusa, wakalamba, wakatafuna. Baba alipofika alikuta mbavu za mkia ziko wazi na beberu mmoja akimalizia.

Baba alikaa mchangani chini ya bawa, nami niliogopa kuliko siku alizonichapa. Kakamega niliisikia kwenye maneno ya mama tu; kwetu kulikuwa hapa. Mama Ekai alikuja mwenyewe, hakungoja kuitwa.

"Ni mimi," akasema. "Mimi naona ngozi iko nakauka, mimi napaka mafuta. Lete sindano."

Dawa baba alikuwa nayo. Kitambaa hakuwa nacho. Mama, yeye aliyeililia Kakamega tangu siku ya kwanza, alikwenda dukani kwa Msomali akarudi na jora la amerikani begani, akaanza kulikunjua. Walishona yeye na Mama Ekai, baba akichora mistari kwa chaki na kufumua kila mshono asioupenda. Sisi watoto tulipewa fimbo tuwafukuze mbuzi. Dawa ilipopakwa ilinuka kama ndizi zilizoiva mno, tukashikwa na njaa.

Bwana Ndege alipitisha kidole kwenye mshono, akasema ataijaribu peke yake. Kumbe Mama Ekai ameshapanda. Aliambiwa ashuke, akakataa.

"Mimi ndio nashona," akasema. "Kama inaanguka, inaanguka na mimi."

Baba naye akapanda. Mama aliukamata mkono wangu mpaka ukaniuma, hakuuachia mpaka magurudumu yalipogusa mchanga tena. Mama Ekai alishuka, akasema "ejok", yaani nzuri, akaenda kutafuta mbuzi wake. Kesho yake wageni waliruka, na mzee mmoja alitoka kwenye ile pua ya kioo akilia. Hatukumwuliza kitu.

Ndege iliendelea miaka kadhaa mpaka vipuri vikakosekana kabisa. Sisi tulibaki. Baba na mama wamezikwa hapa Lodwar, na aliyeanza kukataa kuondoka alikuwa mama.

Siku hizi uwanja una ua na askari, na ndege za Nairobi zinapishana. Juzi ile niliyokuwa nisafiri nayo iliharibika kabla ya kuruka. Vijana walitoa simu wakaanza kulalamika mtandaoni, mmoja akajipiga picha amenuna. Nilimwuliza askari fundi ni nani. Hakujua. Niliwauliza abiria, hakuna aliyejua, na wengine walinitazama kama niliyechanganyikiwa. Iliniuma. Enzi zetu mji mzima ungeshajua, na nusu yake ingekuwa uwanjani ikiuliza ishike wapi.